Laini ya Mwanachama: Historia ya Simu za Wakulima wa Marekani na Fundisho Lake kwa Ushirika



Katika kitabu hiki cha kuadhimisha miaka kumi ya Chama Kikuu chetu, wenzangu wamekwisha kuandika habari za mazao, za maghala na za viongozi waliotutangulia. Mimi nimechagua kuandika habari ambayo kwa mtazamo wa kwanza haifanani na ushirika hata kidogo, yaani habari za simu za waya, na hasa habari za kile chombo kidogo kilichoushika mwisho wa kila waya ndani ya kituo cha simu.

Nimeichagua kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba wakulima wa Marekani waliwahi kujenga simu zao wenyewe kwa nguvu za ushirika, kama sisi tulivyojenga maghala yetu. Ya pili ni kwamba kazi yao hiyo njema ilikaribia kuwaponyoka, na sababu mojawapo kubwa ilikuwa kukosa akiba ya matengenezo. Hivi sasa wako wanachama wetu wanaouliza kwa nini ziada ya Chama isigawanywe yote kila mwaka, na kwa nini sehemu yake iwekwe kando. Swali hilo ni la haki, nalo lastahili jibu. Nadhani historia hii itatusaidia kulijibu.

MWANZO WA SIMU NA KAZI YA LAINI

Alexander Graham Bell alipewa hati ya uvumbuzi wa simu huko Marekani tarehe 7 Machi 1876. Hapo kwanza simu zilitumika mbili mbili: moja dukani na moja nyumbani, na waya mmoja kati yake. Mtu aliyetaka kusema na watu kumi ilimpasa awe na nyaya kumi. Tukifanya hesabu, watu 21 wakitaka kila mmoja aunganishwe na kila mwenzake kwa waya wake peke yake, zitahitajika nyaya 210. Lakini kila mmoja akileta waya wake mahali pamoja, na mtu akakaa pale kuziunganisha, nyaya 21 zatosha.

Mahali hapo pamoja ndipo paitwapo kituo cha simu. Kituo cha kwanza cha biashara kilifunguliwa mjini New Haven, katika jimbo la Connecticut, tarehe 28 Januari 1878. Kilikuwa na wateja 21 hasa, nao walishirikiana laini nane tu. Inasimuliwa kwamba George Coy, aliyekitengeneza, aliunda ubao wake wa kuunganishia kwa bolti za magari ya farasi na vishikio vya vifuniko vya birika za chai. Msomaji ataona kwamba fikira yenyewe ni ile ile ya Chama Kikuu: badala ya kila chama cha msingi kumtafuta kila mnunuzi peke yake, vyote hukutana mahali pamoja.

Walakini kukusanya nyaya mahali pamoja kulileta maswali mapya. Kituo kitajuaje kwamba mtu fulani anataka kusema? Kitamwitaje yule anayetafutwa? Nguvu ya umeme ya kubeba sauti itatoka wapi? Tena, kituo kitajuaje kwamba mazungumzo yamekwisha, ili laini ipewe mwingine? Mambo hayo manne ndiyo yaliyokuwa kazi ya vyombo vya laini tangu siku zile, na historia yote ya mitambo ya simu yaweza kusomwa kama historia ya majibu ya maswali hayo.

Jibu la kwanza lilikuwa mkono wa mwanadamu. Simu ya zamani ilikuwa sanduku la mbao lililotundikwa ukutani. Ndani yake mlikuwa na sumaku zilizopindwa mfano wa kiatu cha farasi, na katikati ya sumaku hizo mlikuwa na mviringo wa waya uliozungushwa kwa mpini wa nje. Mtu alipouzungusha mpini ule kwa nguvu, ulitoka umeme wa kadiri ya volti 75 au zaidi, ukasafiri kwenye waya mpaka kituoni. Huko kila laini ilikuwa na sumaku yake ya umeme na kibao chake kidogo kilichozuiwa na kikomeo. Umeme ulipofika, kikomeo kilinyanyuka, kibao kikaanguka, na namba ya laini ikaonekana. Opereta aliyeketi mbele ya ubao aliiona namba ile, akachomeka kamba yake, akauliza, "Unamtaka nani?" Ama nguvu ya kubeba sauti, hiyo ilitoka katika betri kavu mbili au tatu zilizokuwa ndani ya sanduku la mwenye simu mwenyewe. Mazungumzo yalipokwisha, ilimbidi azungushe tena mpini ili opereta apate kujua.

Wazee wetu waliofanya kazi katika maofisi na mashamba makubwa wanazikumbuka simu za mpini, kwa maana hata katika Afrika Mashariki zilitumika miaka mingi.

WAKULIMA WAJENGA SIMU ZAO

Hati za Bell zilikwisha muda wake katika miaka ya 1893 na 1894. Mpaka wakati ule kampuni yake ilikuwa imeshughulika zaidi na miji, ambako wateja walikaa karibu karibu na fedha ilipatikana upesi. Mkulima aliyekaa maili sita kutoka mjini hakuwa na faida kwao. Gharama ya nguzo na waya wa kumfikia ilizidi ada ambayo angeweza kuilipa.

Basi hati zilipokwisha, wakulima hawakungoja. Watu kumi au ishirini wa bonde moja walikutana, wakachagua mwenyekiti, katibu na mweka hazina, wakaandika kanuni, wakatoa hisa. Kila mmoja alinunua simu yake, akakata nguzo katika msitu wake, akatoa siku zake za kazi kuzisimika. Wengine hawakuhitaji hata nguzo. Tangu Joseph Glidden alipopata hati ya seng'enge yake mwaka wa 1874, mashamba ya magharibi yalikuwa yamezungushiwa nyaya hizo kwa maelfu ya maili. Wakulima waliziunganisha simu zao kwenye seng'enge iliyokuwapo tayari. Palipokuwa na lango waliupandisha waya juu ya miti miwili mirefu ili magari ya farasi yapite chini. Penye miti ya ua walitia vipande vya ngozi au shingo za chupa ili umeme usivujie ardhini. Kwa kawaida waya ulikuwa mmoja tu, na njia ya pili ya umeme ilikuwa ardhi yenyewe. Mvua iliponyesha na miti ikalowa, umeme ulivuja, na sauti ikafifia mpaka jua litoke.

Laini moja ilishirikiwa na nyumba nyingi. Kila nyumba ilikuwa na mlio wake: huyu mlio mrefu mmoja na mifupi miwili, yule mifupi mitatu. Kengele zilipolia zililia katika nyumba zote, na kila mtu alijua ni nani anayeitwa. Haikuwa ajabu majirani kuinua visikilizio vyao wakasikiliza maneno yasiyowahusu. Jambo hilo lilikuwa zaidi ya utovu wa adabu, kwa sababu kila kisikilizio kilichoinuliwa kilichukua sehemu ya umeme wa laini. Wasikilizaji wakiwa wengi, wale wawili wenye mazungumzo hawakusikiana tena. Ndiyo maana vyama vile viliweka kanuni juu ya matumizi ya laini na juu ya urefu wa mazungumzo.

Pamoja na kasoro hizo, faida ilikuwa kubwa. Daktari aliitwa usiku ule ule. Moto ulipozuka, mlio mmoja wa watu wote uliwaamsha majirani. Jioni opereta aliwapigia wote pamoja akawasomea habari za hali ya hewa na bei za soko. Mkulima aliyeijua bei ya mjini kabla ya kupakia gari lake hakudanganywa na mnunuzi wa njiani. Wanachama wetu wanaokumbuka siku za walanguzi wataelewa thamani ya jambo hilo pasipo kuelezwa zaidi.

Sensa ya Marekani ya mwaka wa 1920 ilionyesha kwamba katika kila mashamba 100, karibu 39 yalikuwa na simu. Umeme wa taa ulikuwa bado haujafika katika mashamba mengi, lakini simu ilikuwako, na sehemu kubwa ya laini zile ilikuwa kazi ya mikono ya wakulima wenyewe.

CHOMBO CHA KILA MMOJA NA CHOMBO CHA WOTE

Wakati wakulima wakizungusha mipini yao, mafundi wa mijini walikuwa wakitafuta majibu mengine. Katika miaka ya 1890 walianza kuziondoa betri majumbani na kuweka betri moja kubwa kituoni ya kuwalisha wateja wote. Mabadiliko hayo yalikuwa makubwa kwa vyombo vya laini. Sasa mwenye simu hakuhitaji kuzungusha kitu. Alipouinua mkonga, kulabu yake ilipanda, ikafunga njia ya waya, na umeme wa kituo ukaanza kuzunguka kwenda nyumbani kwake na kurudi.

Kituoni umeme ule ulipita katika chombo kiitwacho rilei ya laini. Rilei ni sumaku ya umeme yenye ulimi mdogo wa chuma mbele yake. Umeme ukipita, sumaku huuvuta ulimi, nao ulimi hufunga au hufungua njia nyingine ya umeme. Kwa hiyo mkonga ulipoinuliwa nyumbani, ulimi ulivutwa kituoni na taa ndogo ikawaka mbele ya opereta. Opereta alipochomeka kamba yake, rilei ya pili iliiondoa ile ya kwanza katika njia, ili isizuie mazungumzo. Mkonga uliporudishwa mahali pake, umeme ulikatika, na taa nyingine ikamwarifu opereta kwamba mazungumzo yamekwisha. Maswali yale manne sasa yalijibiwa na rilei mbili, taa, na betri ya pamoja.

Lakini opereta bado alikuwa kati ya mtu na mtu. Mjini Kansas City, katika jimbo la Missouri, alikuwako mtu jina lake Almon Strowger, ambaye kazi yake ilikuwa kushughulikia maziko. Inasimuliwa kwamba alishuku opereta wa mji wake kuwapeleka wateja wake kwa mshindani, akaapa kutengeneza mtambo usiohitaji opereta. Masimulizi hayo yawe yalivyo, hati yake aliipata tarehe 10 Machi 1891, na kituo cha kwanza cha aina yake kilifunguliwa La Porte, katika jimbo la Indiana, tarehe 3 Novemba 1892. Kwanza watu walibonyeza vifungo. Kuanzia mwaka wa 1896 wenzake walitengeneza kile kisahani cha namba cha kuzungusha kwa kidole, ambacho wengi wetu tumekiona.

Kazi ya mtambo huo ni rahisi kueleza. Ukizungusha namba 4, kisahani kinaporudi huikata njia ya umeme mara nne. Rilei ya kituoni nayo huachia mara nne, na kila ikiachia, mkono wa chuma wa mashine hupanda ngazi moja. Namba inayofuata huuzungusha mkono ule upande. Kwa ngazi kumi na hatua kumi katika kila ngazi, mkono mmoja waweza kufikia laini 100, nao ukiunganishwa na mikono mingine waweza kufikia maelfu.

Hapa pana jambo ambalo naomba msomaji alishike vizuri. Mashine zile za kupanda na kuzunguka zilikuwa za gharama, na isingaliwezekana kumpa kila mteja mashine yake. Tena haikuwa lazima, kwa maana watu wote hawasemi kwa wakati mmoja. Kwa hiyo kundi la laini, kwa mfano 200, lilitumia mashine chache za kutafuta laini, tuseme ishirini. Mtu alipouinua mkonga, mashine iliyokuwa haina kazi ilizunguka ikaitafuta laini yake, ikamhudumia, na alipomaliza ikaenda kwa mwingine. Huo ndio ushirika katika mtambo. Lakini rilei ya laini haikuweza kushirikiwa. Kila mteja alikuwa na yake, maana hiyo ndiyo iliyokuwa ikimngojea usiku na mchana ijue ameinua mkonga. Kama rilei yake ilikuwa na kutu, mashine zote nzuri za kituo hazikumfaa kitu; kwa upande wake yeye, kituo kilikuwa kimekufa.

JINSI SIMU ZA WAKULIMA ZILIVYOPOROMOKA

Sasa turudi kwa wakulima. Sensa ya mwaka wa 1920 ilionyesha karibu mashamba 39 katika kila 100 yenye simu. Mwaka wa 1930 yalibaki kama 34. Mwaka wa 1940 yalikuwa 25 tu. Katika muda wa miaka ishirini, ambamo dunia nzima ilikuwa ikiongeza simu, wakulima wa nchi tajiri walikuwa wakizipoteza zao.

Sababu zilikuwa kadhaa. Bei za mazao zilianguka baada ya Vita Kuu ya Kwanza, na ule mdororo mkuu wa uchumi ulioanza mwaka wa 1929 ukazidisha umaskini. Wengi walioshindwa kulipa ada walikatiwa. Tena nyaya za umeme wa taa zilipoanza kuingia mashambani, hasa baada ya sheria ya mwaka wa 1936 ya kupeleka umeme vijijini, laini za simu za waya mmoja zilipata adha mpya. Waya mmoja unaotumia ardhi kuwa njia ya pili huokota uvumi wa waya mkubwa ulio jirani, na mazungumzo yakazamishwa na mngurumo. Dawa yake ilijulikana, nayo ni kutumia nyaya mbili badala ya mmoja. Lakini dawa hiyo ilitaka fedha, na fedha hazikuwako.

Hazikuwako kwa sababu vyama vingi havikuweka akiba. Ada ilipangwa kuwa ndogo kadiri ilivyowezekana: itoshe kumlipa opereta na gharama ndogo ndogo za kila siku. Nguzo za miti isiyotiwa dawa zilioza, waya wa chuma ukapata kutu, na betri majumbani zikachoka pasipo kubadilishwa. Lilipotokea jambo kubwa, kama dhoruba ya barafu iliyoangusha nguzo, wanachama walichangishwa papo hapo, na yule ambaye mwaka ule mavuno yake yalikuwa mabaya hakuwa na kitu cha kutoa. Katika hesabu zao uchakavu haukuandikwa kuwa ni gharama, kwa hiyo kila mwisho wa mwaka daftari lilionyesha kwamba mambo ni mazuri, na nguzo zilikuwa zikioza. Wahenga wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa daftari lilikuwako, ila lilikosa ukurasa mmoja.

Haifai tuwalaumu upesi. Ada ile ndogo ndiyo iliyomwezesha mkulima maskini kuingia katika chama. Kama wangalianza kwa ada kubwa, huenda nusu ya bonde ingalibaki nje, na laini isingalijengwa kabisa. Pia waya mpya hauonyeshi dalili ya kuchakaa. Mwaka wa kwanza na wa pili kila mtu husikia vizuri, na mtu anayesema habari za akiba huonekana mchoyo. Shida yao ilikuwa ya kweli, na sisi tunayo kama wao.

JINSI ZILIVYOJENGWA UPYA

Tarehe 28 Oktoba 1949 Rais Truman alitia sahihi sheria iliyoruhusu Serikali kukopesha fedha kwa ajili ya simu za vijijini. Fedha zilikopeshwa kwa kampuni na kwa vyama vya ushirika, kwa riba ya asilimia 2. Mkopo ulikuja pamoja na masharti, na sharti moja lilikuwa kubwa: mkopaji alitakiwa kuwafikia watu wengi kadiri iwezekanavyo katika eneo lake, wala asichague wale walio karibu na barabara akawaacha walio mbali.

Sharti hilo liliwapa mafundi kazi ngumu. Kituo cha aina ya Strowger kilitumia betri ya volti 48. Ili rilei ivute ulimi wake, na ili sauti ibebwe vizuri, ulihitajika umeme wa kadiri ya milliampea 20 au zaidi. Waya mrefu huupinga umeme, na kadiri shamba lilivyokuwa mbali ndivyo umeme ulivyopungua. Ulipopungua kupita kiasi, mtu aliinua mkonga na kituo kisijue. Njia moja ilikuwa kutumia waya mnene zaidi, na waya mnene ni ghali. Njia nyingine ilikuwa kutia katika laini ndefu chombo cha nyongeza: rilei nyepesi iliyoweza kuisikia ishara dhaifu na kuirudia kwa nguvu, au kifaa cha kuongeza volti. Kwa hiyo laini ya mwanachama aliyekaa mbali ilikuwa na gharama kuliko ya aliyekaa karibu. Vyama vilivyokubali sharti la kuwafikia wote vilikubali kwamba mzigo huo ni wa wote.

Vituo vidogo visivyo na opereta vilijengwa mashambani, vingine si vikubwa kuliko ghala la chama cha msingi. Nyaya mbili zilichukua mahali pa waya mmoja, na mngurumo ukatoweka. Mipini ikaondolewa. Kufikia mwisho wa miaka ya 1950, zaidi ya nusu ya mashamba ya Marekani yalikuwa na simu, na vyama kadhaa vya ushirika wa simu vya nchi ile vingali vinafanya kazi hata leo.

MWISHO WA RILEI, NA SISI

Mitambo ya Strowger ilienea duniani. Uingereza ilifungua kituo chake cha kwanza cha namna hiyo mjini Epsom mwaka wa 1912, na kituo chake cha mwisho cha Strowger, kilichokuwa Crawford huko Scotland, kilifungwa mwaka wa 1995. Kuanzia mwaka wa 1970, huko Ufaransa kwanza, vilikuja vituo vinavyoigeuza sauti kuwa tarakimu. Ndani yake hapana mikono ya chuma ya kupanda na kuzunguka.

Hata hivyo, simu ya nyumbani ilibaki ile ile, na waya wake ulibaki ule ule. Basi mwisho wa kila waya kikawekwa chombo kipya, kadi ya laini, kurithi kazi za rilei. Mafundi huzihesabu kazi zake kuwa saba: kulisha laini kwa umeme wa betri, kuulinda mtambo dhidi ya radi, kupiga kengele, kuangalia kama mkonga umeinuliwa au umerudishwa, kuigeuza sauti kuwa tarakimu, kuzitenganisha sauti ya kwenda na sauti ya kurudi, na kuruhusu laini ipimwe. Nne kati ya hizo wangalizitambua hata watu wa mwaka wa 1900. Na kwa kuwa kila mteja alihitaji sehemu yake, vyombo vya laini vilichukua sehemu kubwa ya gharama ya kituo kizima, ingawa wageni walioonyeshwa kituo walistaajabia kompyuta ya katikati.

Katika nchi zetu simu za waya ziliangaliwa na Shirika la Posta na Simu la Afrika Mashariki mpaka Jumuiya ya zamani ilipovunjika mwaka wa 1977, kisha na mashirika ya kila nchi. Vijiji vyetu vingi havikufikiwa na waya kamwe. Simu iliyotufikia ni ya mkononi, na baada ya M-Pesa kuanza Kenya mwaka wa 2007 na Tanzania mwaka wa 2008, hata malipo ya mazao yanaweza kupita humo. Wengine husema kwa hiyo habari za nguzo na rilei hazituhusu. Lakini mnara nao una betri, nao hunyamaza betri zake zikichoka. Tofauti ni kwamba mnara si mali yetu. Mali yetu ni mizani, maghala, mashine na magari, na hizo hakuna mtu mwingine atakayezitengeneza.

FUNDISHO

Nimeona mambo matatu katika historia hii.

Kwanza, uchakavu ni gharama ya kila mwaka, hata mwaka ambao hapana kitu kilichovunjika. Inafaa uandikwe katika hesabu zetu na fedha yake iwekwe kando kabla ziada haijagawanywa. Kiasi kidogo cha kila msimu, kinachokatwa katika kilo, humwelemea mkulima maskini kuliko hapo ni kidogo sana. Mchango mkubwa wa ghafula katika mwaka wa ukame ndio umwangushao. Wanachama wanaodai ziada yote hawana nia mbaya. Nawaomba tu waulize paa la ghala letu litadumu miaka mingapi, na siku litakapovuja fedha zitatoka wapi. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Pili, chama kinachotazama mashine kubwa za pamoja na kukisahau chombo kidogo cha kila mwanachama hujidanganya. Kwetu sisi chombo hicho ni mizani ya chama cha msingi, stakabadhi ya mkulima na jina lake katika daftari. Makao makuu yawe mazuri namna gani, mkulima ambaye mzani wake haupimi sawa ni kama yule mteja aliyeinua mkonga na kituo kisijue.

Tatu, mwanachama wa mbali ana gharama zaidi, naye ni mwanachama. Vyama vyetu vya milimani hulalamika juu ya gharama ya kusafirisha mazao, na vya bondeni hulalamika kwamba vinawabeba wengine. Wakulima wa Marekani walikutana na swali hilo hilo. Wale waliojenga upya walikubali kuwafikia wote, wakaandika gharama hiyo wazi katika hesabu zao, ili kila mtu aone anachangia nini na kwa sababu gani.

Mkutano Mkuu ujao utaletewa shauri la kuanzisha akiba ya uchakavu wa mali ya Chama. Kila chama cha msingi kitapelekewa orodha ya mali yote, umri wake, na bei ya kuinunua upya. Nawasihi wajumbe waisome orodha hiyo na wanachama wao kabla ya kuja, wakubali au wakatae wakiwa wanaijua hesabu. Kazi ya miaka kumi iliyopita ilikuwa kujenga. Sehemu kubwa ya kazi ya miaka kumi ijayo itakuwa kutunza.

Katibu wa Chama Kikuu